Kulisoma Jiwe la Suiseki: Namna ya Kutambua Aina Yake na Kuuona Uzuri Wake

Mtu anayeliona jiwe la suiseki kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: linafanana na nini? Swali hilo si baya, lakini likitangulia huharibu utazamaji, kwa sababu jicho likishapata jibu huridhika na kuacha kutazama. Wajapani walioilea sanaa hii kwa karne nyingi huanzia mahali pengine, nami kadiri ninavyokaa na mawe haya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wako sahihi. Swali la kwanza ni la umbali: nikilitazama jiwe hili, nimesimama wapi? Je, niko uwandani nikiutazama mlima ulio mbali, au niko chini ya jabali lenyewe nimeinua shingo? Aina nyingi za suiseki zinatokana na jibu la swali hilo, na maelezo yanayofuata yanalishika tangu mwanzo hadi mwisho.

Suiseki ni mawe madogo, mengi ya kubebwa na mtu mmoja kwa mikono miwili na mengine ya kukaa kiganjani, yaliyofinyangwa na maji, upepo na wakati, ambayo yakitazamwa kwa utulivu humletea mtazamaji mandhari nzima: mlima, kisiwa, maporomoko, kibanda kilicho peke yake kondeni. Neno lenyewe limeundwa kwa sui, yaani maji, na seki, yaani jiwe. Msomaji atakutana pia na neno ishi katika majina ya aina, nalo ni jiwe vilevile. Katika maandishi ya Kijapani herufi yake ni moja, ila matamshi ni mawili, na kila jina limeshikamana na tamshi lake kwa mazoea tu. Kwa bahati nzuri maneno ya Kijapani husomeka karibu kama ya Kiswahili, irabu kwa irabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyaogopa.

Chimbuko la sanaa hii ni China. Wasomi wa huko, akiwemo mchoraji na mwandishi Mi Fu aliyeishi kati ya 1051 na 1107, waliyapenda mawe membamba yaliyosimama wima, yenye mikunjo mingi, matundu na mapenyo ya kupitisha mwanga, kama yale ya chokaa yanayotoka katika ziwa Taihu. Mapokeo yanasema kwamba mawe ya namna hiyo yalifika Japani kama zawadi za kifalme zama za Malkia Suiko, aliyetawala kuanzia 593 hadi 628. Hata hivyo, kadiri karne zilivyopita, na hasa Ubuddha wa Zen ulipoenea miongoni mwa wapiganaji wa samurai, macho ya Wajapani yaliyaacha mawe yenye vituko na kuyageukia mawe tulivu, ya rangi iliyokolea, yaliyolala kuliko kusimama, yanayodokeza jambo bila kulitamka lote.

Mfano bora ninaoujua wa udokezi huo ni jiwe liitwalo Yume no Ukihashi, maana yake Daraja Linaloelea la Ndoto, ambalo leo limehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Tokugawa mjini Nagoya. Inasimuliwa kwamba lilikuwa mali ya Mfalme Go-Daigo, aliyefariki mwaka 1339, na kwamba alikwenda nalo hata alipokuwa mbali na kiti chake cha enzi. Ni jiwe refu, jembamba, jeusi, lenye mpindo mdogo sana kama wa upinde ambao haujavutwa. Mtu anayetafuta mfanano hapati kitu hapo, kwa kuwa halina kilele, halina shimo, halina mshipa wa rangi. Lakini ukikubali kwamba umesimama mbali, ukungu umetanda, na kile unachokiona ni mstari tu wa nchi au wa daraja juu ya maji yasiyoonekana, jiwe linafunguka.

Kabla ya kulipa jina

Lioshe jiwe kwa maji na brashi ya plastiki au mswaki uliochakaa. Brashi ya waya usiiguse, kwa sababu kwenye jiwe laini hukwaruza na kwenye jiwe gumu huacha mistari ya kijivu ya chuma ambayo haitoki kwa urahisi. Udongo uliogandamana katika nyufa uloweke siku mbili tatu, kisha uutoe taratibu kwa kijiti. Usitumie siki wala asidi ya aina yoyote hata ukiambiwa kwamba inasafisha upesi. Mishipa myeupe katika mawe mengi ni ya kalsaiti, madini ambayo huliwa na asidi, na huenda mshipa huo ndio maporomoko yote ya jiwe lako.

Baada ya hapo tafuta sinia lenye kina kifupi, ulijaze mchanga safi uliochekechwa, na uliweke jiwe juu yake katika chumba chenye mwanga unaotoka upande mmoja. Mchanga ni msaada mkubwa kwa anayeanza, kwa maana unakuruhusu kulizamisha jiwe kidogo, kuliinamisha mbele au nyuma kwa unene wa kidole, na kuliacha likae hivyo unapolitazama. Kaa chini mpaka jicho lako liwe karibu usawa na jiwe au juu yake kidogo. Ukilitazama ukiwa umesimama utaona mgongo wake tu, kama mtu anayeuona mlima kutoka kwenye ndege.

Sasa lizungushe polepole. Wajapani huhesabu pande sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini, na jiwe zuri halina upande unaolisaliti kabisa, ingawa mbele ndiko kunakobeba uzito. Mbele ya jiwe la mandhari kwa kawaida ni ule upande uliobonyea kidogo katikati, ambao ncha zake mbili zinakuja kuelekea kwa mtazamaji kama mikono inayomkaribisha mgeni. Upande uliotuna katikati na kurudi nyuma kwenye ncha humsukuma mtazamaji, na mtu huhisi hivyo kabla hajajua sababu. Kilele kikisimama katikati kabisa, mlima hukosa uhai. Kikisogea upande mmoja, mteremko mmoja hurefuka, mwingine hufupika, na jicho hupata njia ya kupita.

Nina jiwe moja mezani hapa la rangi ya kijivu iliyokaribia weusi, refu kama kiganja kilichonyooshwa, lenye kimo kisichofika nusu ya urefu wake. Kilele chake kiko upande wa kushoto, nyuma yake kuna kilele kidogo cha pili, na mteremko wa kulia unashuka kwa hatua mbili kabla ya kulala. Ngozi yake ina vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ni mlima wa karibu, kwa kuwa ukingo wake wa mbele ulikuwa umeinuka kama genge na ulilivuta jicho. Siku moja nikiwa nabadilisha mchanga, jiwe lilitumbukia mbele kidogo, ukingo ule ukafunikwa, na ghafla mlima ulirudi nyuma kilomita nyingi. Sikuongeza wala kupunguza chochote katika jiwe. Kilichobadilika ni mahali nilipokuwa nimesimama.

Aina kwa kufuata umbali

Yaliyo mbali zaidi ni toyama-ishi, mawe ya mlima wa mbali, na hili ndilo kundi ambalo wapenzi wengi wa suiseki huliheshimu kuliko mengine. Msomaji aliyewahi kuutazama Kilimanjaro kutoka uwanda wa Amboseli anajua tayari kanuni yake: kwa umbali huo huoni miti, huoni njia, huoni mabonde madogo, unaona mstari wa anga tu, Kibo kwa upana wake, Mawenzi kushoto kwa ncha zake, na miteremko mirefu inayokwenda kupotea. Toyama-ishi nalo linapaswa kuwa hivyo. Kitako chake hukizidi kimo chake mara kadhaa, miteremko yake hushuka bila haraka, na uso wake hauna mambo mengi ya kulivuta jicho karibu. Likiwa na vilele viwili au vitatu, visilingane kimo wala visipangane kwenye mstari mmoja. Cha pili kikikaa nyuma kidogo ya cha kwanza, mlima unapata kina. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kulisifu jiwe la aina hii kwa sababu lina makorongo mengi usoni, ilhali makorongo hayo ndiyo yanayoliondoa katika aina hii.

Ukikaribia, makorongo yanakuwa mali. Kinzan-seki ni jiwe la mlima wa karibu: hapa mtazamaji yuko chini ya miamba, anaona mikwaruzo ya mvua, magenge, nyufa na labda kijito. Mlima unaweza kusimama wima zaidi, kilele kinaweza kuwa kikali, na ngozi yenye mikunjo inaruhusiwa kusema kwa sauti zaidi. Kati ya aina hizi mbili kuna mawe ambayo hayajui yanataka nini, yenye miteremko ya mbali na nyufa za karibu. Kwa haya, rudi kwenye sinia la mchanga na ujaribu kuficha au kufichua sehemu ya mbele, na yakikataa pande zote, yaache bila jina kwa sasa.

Doha-seki ni jiwe la mteremko: kilima kimoja cha chini upande mmoja, kisha uwanda mrefu unaolala hadi mwisho wa jiwe. Danseki ni jiwe la matuta, lenye sehemu bapa zinazopanda kwa ngazi, na linalopendwa zaidi huwa na ngazi tatu za vimo na upana tofauti, zenye uso uliolala sawa na pande zilizokatika ghafla. Shimagata-ishi ni kisiwa, na kinachokitofautisha na mlima ni ukingo wake. Ukingo wa kisiwa unakutana na maji pande zote, kwa hiyo mstari wa chini, wenye vihori na rasi ndogo, una thamani kuliko kilele. Nimeona visiwa vizuri ambavyo kimo chake hakizidi unene wa vidole viwili. Jamaa yake wa karibu ni iwagata-ishi, mwamba wa pwani, uliosimama mbele ya mawimbi, mkali, mara nyingi umeinamia upande mmoja kana kwamba umepigwa na bahari kwa miaka mingi. Hapo mtazamaji yuko karibu kabisa, karibu kulowa.

Mawe ya maji yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayowadanganya wengi. Taki-ishi ni jiwe la maporomoko, lenye mshipa mweupe wa kwatsi au kalsaiti unaoshuka usoni mwa mwamba mweusi. Mshipa mwembamba kama uzi huitwa itodaki, na mpana kama kitambaa kilichotundikwa huitwa nunodaki. Kila mwenye jicho huuona mshipa. Anayelijua jambo huuliza maji hayo yanatoka wapi. Maporomoko hayaanzii kwenye ncha ya kilele, kwa maana juu ya ncha hakuna ardhi ya kukusanya maji. Mshipa unapaswa kuanzia chini ya kilele, kwenye bonde au ufa, ushuke kwa kufuata mkunjo wa jiwe, na uishie mahali ambapo bwawa au mto ungeweza kuwepo. Ukiuzunguka na kukuta kwamba unalifunga jiwe lote kama mkanda, nguvu yake inapungua, ingawa ukiwekwa mbele unaweza bado kupendeza. Keiryu-seki ni ndugu yake aliyelala: mkondo wa maji kati ya milima, ambapo mishipa myeupe inapita mabondeni. Mizutamari-ishi ni jiwe la dimbwi, lenye shimo la asili linaloshika maji. Mimina maji kidogo usubiri robo saa, na ukiona yamebaki na kingo za dimbwi hazilingani, una jiwe la kweli la aina hiyo.

Karibu zaidi bado kuna mawe ambayo mtu angeweza kuingia ndani yake. Dokutsu-ishi ni pango, ambalo uzuri wake ni giza lisiloonyesha mwisho. Domon-ishi ni lango lililotobolewa katika mwamba, na hapa kinyume chake ndicho kinachotakiwa, yaani mwanga uonekane upande wa pili. Amayadori-ishi ni jiwe la kujikinga mvua, lenye mwamba uliochomoza juu kama upenu. Jina hili nalipenda kuliko majina yote ya sanaa hii, kwa sababu linamweka mtu ndani ya mandhari bila kumchora: unaliona jiwe na papo hapo unajua pa kusimama mvua ikinyesha.

Mawe ya maumbo na ya michoro

Kundi la pili kubwa ni mawe yanayofanana na vitu. Kuna yagata-ishi, la nyumba, ambalo aina yake inayojulikana zaidi ni kuzuya-ishi, kibanda cha nyasi chenye paa lililochomoza juu ya kuta zilizorudi ndani. Umbo hilo hutokea pale tabaka gumu la jiwe linapokaa juu ya tabaka laini ambalo maji yamelila. Kuna funagata-ishi la mashua, kuna mawe ya wanyama, ndege na samaki, na kuna sugata-ishi la umbo la binadamu, ambalo mara nyingi hupendwa likiwa mtawa aliyejifunika joho kuliko likiwa na pua na macho. Kanuni ya kundi hili ni fupi: mfanano uwe wa kutosha kukuongoza na usiwe mkamilifu kiasi cha kukuachisha kutazama. Kibanda kinaposimama peke yake kondeni, kinabaki kuwa mandhari. Sungura mwenye masikio mawili kamili ni burudani ya dakika moja.

Kundi la tatu ni la michoro ya juu ya jiwe, monyo-seki. Maarufu kuliko yote ni kikka-seki, jiwe la maua ya krisanthemu, lenye madini yaliyosambaa kutoka katikati kama petali. Chanzo chake kinachosifiwa zaidi ni bonde la Neo katika mkoa wa Gifu, ambako mawe hayo yanalindwa na serikali kama hazina ya asili. Lakini mengi ya mawe hayo yamesagwa na kung'arishwa ili maua yatokeze, na kwa sababu hiyo wapenzi wengi huyatenga na suiseki halisi na kuyaita biseki, mawe ya urembo. Nakubaliana nao, bila kuyadharau. Ni uzuri mwingine, unaopaswa kuhukumiwa kwa mizani yake.

Kuna pia njia ya kulitaja jiwe kwa mahali lilipotoka, nayo haipingani na zilizotangulia. Kamogawa-ishi hutoka mto Kamo, Kyoto. Setagawa-ishi mto Seta. Ibigawa-ishi mto Ibi, Gifu. Furuya-ishi mkoa wa Wakayama. Kamuikotan-ishi kisiwa cha Hokkaido. Na kisiwa cha Sado kinajulikana kwa akadama, jiwe jekundu la yaspi. Jiwe moja linaweza kwa hiyo kuwa na majina matatu kwa pamoja, la umbo, la mahali na la kishairi, kama vile mtu alivyo na jina lake, la baba yake na la utani.

Kupima ubora

Jiwe likishajulikana ni la aina gani, bado hujajua kama ni zuri. Mambo yanayopimwa ni matano: umbo, ugumu, rangi, ngozi na ukale. Umbo nimeshalieleza. Ugumu ni muhimu kwa sababu jiwe laini hupoteza kingo zake kwa kuguswa na kumwagiwa maji. Jaribu kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana, chini ya jiwe, na msumari ukizama kama kwenye chokaa, jiwe hilo halitadumu na kazi unayotaka kulifanyia. Mawe ya gumegume, basalti na yaspi hudumu. Rangi zinazopendwa ni zilizokolea na kutulia, nyeusi, kijivu kizito, kijani cha giza, kahawia, ingawa wekundu wa Sado unaonyesha kwamba kanuni hii ina milango. Lilowanishe jiwe uone rangi yake ya ndani. Maji hujaza vitundu vya ngozi na kupunguza mtawanyiko wa mwanga, ndiyo maana jiwe lililolowa huonekana jeusi zaidi na lenye kina. Liache likauke mbele yako, kwa kuwa mandhari hubadilika maji yanapoondoka: vilele hukauka kwanza na kupauka, mabonde hubaki meusi kwa dakika chache, na kwa dakika hizo mlima wako una alfajiri yake.

Ukale ni jambo gumu zaidi kulieleza. Jiwe lililokaa miaka mingi mikononi mwa watu hupata mng'ao mzito, usiopiga kelele, ambao haupatikani mtoni. Wajapani wana neno sabi kwa uzuri huu wa kitu kilichopitiwa na wakati, na wabi kwa uzuri wa kitu kisicho na makuu, na mtu anayeanza afahamu kwamba maneno hayo si ya kubandikwa kwenye jiwe lolote chakavu.

Kwa kuwa ukale una bei, kuna wanaoughushi. Jiwe moja nililonunua lilikuwa na mng'ao wa kupendeza, na muuzaji alisema limelelewa miaka thelathini. Nilipofika nyumbani na kulimwagia maji, matone yalisimama juu yake kama juu ya jani la mgomba, badala ya kutandaa. Lilikuwa limepakwa vanishi. Tangu hapo nalowanisha kwanza, nalipa baadaye. Chunguza pia kitako. Kitako bapa kabisa, chenye ukingo mkali, kimekatwa kwa msumeno, na hilo ni jambo ambalo wapenzi hubishania hadi leo. Wapo wanaolikubali kwa mawe ya mlima wa mbali kwa sababu mstari wa chini hutulia, na wapo wanaolikataa kabisa. Msimamo wangu ni kwamba jiwe lililokatwa linaweza kupendwa, mradi anayeliuza aseme limekatwa. Shimo lililochimbwa kwa chombo au ngozi iliyochomwa kwa asidi ni habari nyingine, kwa maana hapo aliyetengeneza mandhari ni fundi.

Kuliweka mahali pake

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni daiza, kitako cha mbao kinachochongwa kufuata kila tundu na tuta la chini ya jiwe hilo moja, ili jiwe likae kama yai katika kiota. Daiza ya Kijapani haina mapambo. Ukingo wake ni mwembamba, miguu yake imewekwa mahali uzito unapoangukia, na rangi yake ni ya giza. Daiza inayosifiwa kabla ya jiwe imekosea kazi yake. Ya pili ni suiban, sinia la kauri lenye kina kifupi lisilo na tundu, au doban, ambalo ni la shaba. Hutiwa mchanga laini au maji, na hupendwa zaidi miezi ya joto kwa sababu huleta ubaridi machoni. Usiliweke jiwe katikati ya sinia. Lisogeze upande mmoja kiasi kwamba mteremko mrefu uelekee kwenye uwazi mkubwa, kisha ulainishe mchanga kwa manyoya au brashi laini hadi usiwe na alama ya kidole. Ule uwazi ndio bahari, au uwanda, au ukungu. Sinia dogo mno huunyima mlima nafasi yake, na mimi ningependelea kukosea upande wa sinia kubwa.

Katika nyumba ya Kijapani jiwe huwekwa katika tokonoma, kijumba cha ukutani kilichotengwa kwa ajili ya kitu kimoja au viwili vya kutazamwa, mara nyingi pamoja na mchoro unaoning'inia. Kanuni hapo ni kutorudia. Jiwe likiwa mlima, mchoro usiwe wa mlima; mwezi au kundi la ndege linatosha. Pasipo tokonoma, rafu tupu mbele ya ukuta wa rangi moja inafaa. Mwaka 1976, Japani ilipoizawadia Marekani miti 53 ya bonsai, yaani miti inayokuzwa ikiwa midogo vyunguni, kwa ajili ya kuadhimisha miaka mia mbili ya taifa hilo, mawe 6 ya kutazamwa yalikuwa pamoja na miti hiyo mjini Washington. Mawe na miti hukaa pamoja vizuri, ila kila kimoja kipewe hewa yake.

Kulilea

Malezi ya jiwe huitwa yoseki, na ni kazi isiyo na njia ya mkato. Jiwe huwekwa nje juu ya rafu ya mbao, ambako jua, mvua na baridi vinalifikia, na humwagiwa maji mara kwa mara kwa miezi na miaka, likigeuzwa ili pande zote zipate sehemu yake. Polepole ung'avu mkali wa mahali palipovunjika hufifia na rangi hukolea. Ndani ya nyumba huguswa kwa mikono safi au kusuguliwa kwa kitambaa laini. Usitie mafuta, nta wala rangi ya kiatu. Mafuta huziba vitundu ambavyo maji na wakati vinapaswa kupita, hukusanya vumbi, na hulipa jiwe mng'ao ulio sawa kila mahali, ilhali mng'ao wa kweli huanzia kwenye matuta yanayoguswa na kuyaacha mabonde katika kivuli.

Ukiokota mwenyewe, uliza kwanza kama eneo hilo linaruhusu kuchukua mawe, maana hifadhi na kingo za mito mingi zinalindwa kwa sheria, huko Japani na kwingineko. Chukua moja baada ya kutazama mia, na ulipige picha pale lilipokuwa kabla ya kuliinua.

Jina la kishairi lisitolewe siku ya kwanza. Kaa na jiwe majira kadhaa, ulione lililowa na likiwa kavu, asubuhi na kwa taa. Likishapata jina, andika kadi ndogo yenye jina hilo, aina yake, mahali lilipotoka, mwaka lilipopatikana, na vipimo vyake kwa mpangilio mmoja usiobadilika: upana, kina, kimo. Kama limekatwa, andika limekatwa. Kama lilikuwa la mtu mwingine kabla yako na ameridhia kutajwa, mtaje, kisha uiweke kadi ndani ya sanduku la jiwe, pamoja na daiza yake.